Tundu la Ukurasa wa Arobaini na Saba

Kitendawili. Ameimaliza maktaba nzima, na ukimuuliza herufi ya kwanza haijui. Nani huyo?

Mdudu wa vitabu, nani mwingine. Kila aliyewahi kufungua sanduku la karatasi za kale anamjua. Mdogo kama punje ya mtama, hana haya wala hana haraka. Akianzia jalada la mbele hasimami kusalimia mtu. Hutoboa karatasi baada ya karatasi, mahali pale pale, kama sindano inayopita kwenye shuka lililokunjwa. Na asubuhi hiyo, saa nne kasoro, kitandani kwake bwenini, yule binti ambaye nyumbani kwao walimwita Msomi aligundua kwamba mdudu huyo asiyejua kusoma alikuwa mkweli kuliko mwanamume aliyemposa.

Alikuwa ameweka kompyuta magotini, akifanya jambo ambalo asingethubutu kumwambia hata rafiki yake wa chumbani. Alikuwa anakitafuta kidole.

Tuanzie nyuma kidogo, maana bila kidole hiki hakuna hadithi.

Miezi minane kabla, mhadhiri wake alimrudishia kurasa zake za kwanza zimejaa wino mwekundu. "Umeniandikia hadithi za nyumbani," alimwambia. "Hadithi ni tamu, lakini nataka chanzo cha awali. Daftari, barua, picha. Kitu kilichotoka mkononi mwa mtu aliyekuwepo. Siku hizi vingi viko mtandaoni. Kavitafute."

Msomi alikuwa anaandika tasnifu juu ya wanawake waliofanya kazi za chini katika wodi ya wazazi ya hospitali kongwe. Hakuwachagua kwa bahati nasibu. Bibi yake alikuwa mmoja wao, na alifukuzwa kwa aibu: ati aliiba blanketi. Bibi alikufa Msomi hajazaliwa. Binti yake mkubwa, aliyemlea Msomi tangu akiwa wa kubebwa, yaani Mama Mkubwa, ukimtajia blanketi hilo alibadilisha mazungumzo kama mtu anayehamisha sufuria ya moto.

Basi Msomi akaingia kwenye tovuti ya hifadhi ya nyaraka. Akaandika "wahudumu wa hospitali." Patupu. "Wafanyakazi wa wodi." Patupu. Mwisho akatuma malalamiko kwa anwani iliyokuwa chini ya ukurasa, nayo siku ile ile ikajibu: "Dada, usitafute neno la leo. Tafuta neno walilotumia wao. Andika 'mayaya wa wodi.'"

Akaandika. Yakafunguka madaftari kumi na manne.

Na kwenye pembe ya kila ukurasa, pale aliyepiga picha alipoushika usijikunje, palikuwa na kidole gumba. Kipana, safi, ukucha umepasuka katikati. Kurasa mia, vidole mia. Kilishika zile karatasi kwa upole kama mtu anayeshika shavu la mtoto mgonjwa. Msomi alikipenda kidole kabla hajauona uso. Alipokwenda kwenye jengo la hifadhi na kumkuta mwenye nacho, alimwita Kidole hapo hapo, na jina likaganda. Naye Kidole, kwa jinsi binti huyu alivyopenda kujaza tanbihi chini ya kila ukurasa, akamwita Bi Tanbihi.

Ni Kidole aliyemfundisha maswali matatu. "Ukikutana na karatasi yoyote," alisema, "hata ikiwa imepigwa mihuri saba, iulize. Nani ameandika? Lini? Akimwandikia nani? Isipojibu, usiiamini."

Mama Mkubwa hakumtaka kabisa. "Mwanamume anashinda chini ya ardhi anapiga picha karatasi za marehemu! Kwani walio hai wamekwisha?" Alikuwa fundi cherehani, aliamini kazi inayoonekana ikivaliwa. Posa ililetwa, ikakaa miezi mitatu bila jibu.

Kisha ukaja ukurasa wa arobaini wa daftari la saba. Jina la bibi, na mbele yake maneno machache: Ameondolewa. Sababu, tazama barua, ukurasa wa arobaini na nane. Na daftari lile mtandaoni liliishia ukurasa huo huo wa arobaini. Msomi alikwenda hifadhi akalia kwenye kiti cha Kidole mpaka miwani ikafanya ukungu. Wiki mbili baadaye kurasa zilizobaki zikapandishwa, na kwenye ule wa arobaini na nane ilikuwepo barua, imebandikwa. Matroni wa zamani anamwandikia mkubwa wake: yaya huyu hana hatia, blanketi limeonekana, tumemdhulumu mama mwema.

Msomi aliisoma kwa sauti sebuleni. Mama Mkubwa alijifunika uso kwa nguo aliyokuwa anashona, akalia. Juma lile lile akasema, "Huyo kijana wako, mwambie wazee wake waje."

Nani asingefurahi?

Sasa turudi bwenini. Msomi alikuwa anatafuta kidole kwa ajili ya kujifurahisha tu, kama mtu anayefungua picha ya mchumba. Ukurasa wa arobaini na saba, kidole kile pale, na pembeni yake tundu la mdudu, dogo, jeusi, la duara. Arobaini na tisa, tundu lile lile, mahali pale pale. Arobaini na nane, barua. Kidole kimeishikilia, na pale ambapo tundu lilipaswa kuwa, karatasi nzima kama yai.

Akarudi arobaini na saba. Akaenda arobaini na tisa. Akaikuza picha mpaka karatasi ikawa kama shamba. Hakuna tundu.

Ukimwona mende kwenye maziwa baada ya kuyanywa, utajua alivyojisikia. Alifunga kompyuta, akavaa viatu bila kufunga kamba.

*

Chumba cha Kidole kilikuwa chini ya jengo, kina taa mbili kali, meza yenye kitambaa cheusi, na vifuko vidogo vya mchanga vya kukandamizia kurasa. Kidole alipomwona, uso ulimchanua.

"Bi Tanbihi! Hata simu hujapiga?"

"Nitolee daftari la saba. Lenyewe, si picha."

"Salamu kwanza, mpenzi."

"Daftari."

"Lile... tumelipumzisha. Mgongo wake mbovu."

"Tangu lini karatasi zinachoka? Litoe, au niende juu nikamwombe bosi wako."

Akalitoa. Akalilaza juu ya kitambaa cheusi. Msomi alifungua ukurasa wa arobaini na saba, akachomoa pini kwenye nywele zake, akaipenyeza taratibu kwenye tundu la mdudu. Pini ikaingia, ikagota. Upande wa pili palikuwa na barua, imeziba.

"Huyu mdudu," alisema, "ametoboa kurasa arobaini na saba bila kubisha hodi. Akafika hapa, akaiona barua ya matroni, akasema 'samahani mama, nitazunguka,' kisha akaendelea na safari yake ukurasa wa arobaini na tisa. Ana adabu sana."

"Labda ilibandikwa baadaye."

"Naam. Baadaye lini?"

Kidole akakaa. Taa zile kali zilimmulika kana kwamba naye ni karatasi.

"Nani ameandika?" Msomi aliuliza.

"Usinifanyie hivyo."

"Si umenifundisha wewe? Nani ameandika?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumamosi ile ya mvua."

"Akimwandikia nani?"

Kidole aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Wewe," alisema. "Nilikuwa na nani mwingine wa kumwandikia? Kila neno la barua ile nilikuandikia wewe."

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangemyeyusha Msomi pale pale, akose hata pa kushika. Siku hiyo yalimpanda kooni kama uchachu.

"Na rangi ile ya uzee? Umeipata wapi?"

"Chai. Niliilowesha kwenye majani ya chai."

"Kwenye chombo gani?"

Kidole akasogeza kifuko cha mchanga.

"Kidole. Chombo gani?"

"Ile sufuria ya bluu."

Msomi akashika ukingo wa meza. "Jumapili yake nilikuja kwako. Ukanichemshia chai kwenye sufuria ya bluu."

"Niliiosha!"

"Ilikuwa na ladha ya wino! Nikakuambia, chai hii ina nini? Ukaniangalia usoni ukasema ni maji ya bomba!" Akafuta ulimi kwa mkono wa blauzi, mara mbili, tatu, kama mtoto aliyelishwa dawa. "Nimeunywa uongo wako. Nikaomba kikombe cha pili!"

"Nisikilize basi. Ukurasa ule una alama za gundi tu. Barua ya kweli ilibanduka zamani, labda kabla hatujazaliwa. Haipo, haitapatikana. Na wewe ulikaa hapo, kwenye kiti hicho, ukilia. Nikajiambia, kama haipo, nani ataumia nikiiweka? Mwanamke aliyekufa asafishwe jina. Kosa liko wapi?"

"Nawe ulijua kwamba hakuiba?"

"Hapana. Lakini bibi yako—"

"Hukujua. Ukamchukua bibi yangu, ukamchovya kwenye chai." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kidole zaidi. "Chini ya ile barua kuna hesabu. Watu thelathini na mmoja wameipakua. Wanafunzi kama mimi, walioambiwa wasiamini hadithi za nyumbani, waamini karatasi. Watamnukuu matroni ambaye ni wewe."

"Nitaifuta."

"Na Mama Mkubwa? Nilimsomea, akalia. Wiki ile ile akaikubali posa. Jambo hilo hukulifikiria?"

Angeweza kusema hapana. Apewe haki yake, hakusema. Aliutazama ule ukucha wake uliopasuka.

"Nililifikiria," alisema polepole. "Lakini lilikuwa la pili."

"La pili." Msomi alicheka, kicheko kikavu kama jani. "Kumbe posa yangu ilikuwa kwenye foleni, na ilikuwa na namba."

Akaenda kwenye sinki la kona. Akafungua maji, akanawa mikono, akapanda hadi viwikoni, akisugua kama muuguzi anayetoka kwa mgonjwa wa upele. Kidole akamnyooshea taulo. Msomi akajifutia kwenye sketi yake mwenyewe.

"Ninakwenda kumwambia," alisema. "Tasnifu naiwasilisha Ijumaa, na barua hiyo haimo."

"Nitakuja nimwambie mwenyewe."

"Njoo. Ila njiani usinishike mkono."

*

Mama Mkubwa alikuwa kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Alipowaona akazitema kwenye kiganja.

"Shikamoo, mama," Kidole akaamkia.

"Marahaba, mkwe wangu! Mbona mmekuja mmenuna kama mmekalia miiba? Kaa, baba."

Lile neno mkwe lilimpiga Kidole kifuani, Msomi aliona. Hakukaa. Akaeleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Barua, chai, gundi. Na lile la pili nalo akalisema, hakuliruka. Cherehani iliendelea kwanza, ta-ta-ta-ta, kisha ikapunguza mwendo, kisha ikasimama katikati ya mshono.

Mama Mkubwa akanyanyuka, akaingia chumbani. Wakasikia kifuniko cha sanduku kikigonga ukuta. Alirudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka jeupe, akakifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Blanketi. La kijivu, lenye mstari mwekundu, limeisha manyoya. Na kwenye pembe, muhuri mweusi uliofifia: Wodi ya Wazazi, kitanda cha kumi na saba.

Msomi akaisoma namba ile mara mbili.

"Aliiba," Mama Mkubwa alisema. "Mama yangu aliiba. Nilikuwa na miaka sita, kifua kimenibana, natetemeka mpaka kitanda kinagonga. Akaja nalo amelifunga tumboni, ndani ya gauni, kama mwenye mimba. Akanifunika. Asubuhi nikapona, yeye akafukuzwa. Hakuwahi kusema hakuiba. Aliulizwa akasema, 'Nimeiba, na mtoto wangu anapumua.'"

"Mama Mkubwa! Miezi minane nazunguka! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Hebu kumbuka vizuri. Uliuliza kompyuta. Mimi niko hapa nashona, hatua saba kutoka ulipokaa. Kila ukinitajia, unanitajia aibu: bibi alifukuzwa, bibi alisingiziwa. Nikaona mtoto huyu anataka bibi wa kuonyesha chuoni, nimpe mwizi?"

"Lakini nilipokusomea barua ulilia kwa furaha."

"Nililia kwa woga, mwanangu. Nikasema basi nimezeeka. Basi blanketi hili nimeliota. Karatasi ya hospitali inasema hakuiba, mimi niliyeishia darasa la nne nibishane nayo kwa kipi?" Alipitisha mkono juu ya ule mstari mwekundu. "Siku kumi nimeishi nikiogopa kufungua sanduku langu mwenyewe. Nikifungua, je, nisilikute?"

Kisha akamgeukia Kidole, na pua yake ikakunjamana kama mtu aliyepita penye mzoga.

"Wewe. Unajua ulichofanya? Mama yangu katika maisha yake yote alifanya jambo moja kubwa. Moja. Hakuwa na jingine. Ukamnyang'anya, ukampa kibandiko cha mama mwema. Nani alikuomba umwoshe? Hakuwa mchafu."

"Nisamehe, mama. Nilifanya kwa mapenzi."

"Na yeye aliiba kwa mapenzi. Tofauti ni kwamba yeye alikiri kabla jua halijapanda." Akakunja tepu yake. "Ile posa nimeirudisha. Sina hasira, nakuambia kwa hesabu tu. Niliikubali kwa sababu ya barua, na barua haipo."

Nje mtu alipita akipiga mluzi.

Msomi akasogea mezani, akaugusa ule muhuri. "Mama Mkubwa, naomba nilipige picha. Na kesho unisimulie tena, polepole, nitakurekodi. Ulikuwepo. Wewe ndiye chanzo."

"Chanzo kinanyonya supu na meno yake yameisha," Mama Mkubwa alisema, lakini mdomo ulimlegea kidogo. "Piga."

Wakalitandaza blanketi vizuri mezani. Msomi akainua simu. Ile pembe yenye muhuri ilikuwa imezoea kukunjwa, ikawa inajiviringa, inaficha namba. Na Kidole, kwa mazoea ya miaka tisa, bila kufikiri, akanyoosha mkono, akaishikilia.

Kwenye kioo cha simu kikatokea pale, kando ya muhuri. Kipana, safi, ukucha umepasuka katikati. Kimelishika lile blanketi kwa upole, kama shavu la mtoto mgonjwa. Msomi akaona kinyaa. Na chini ya kinyaa kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kinyaa, na hicho ndicho kilichomuudhi zaidi.

"Toa kidole," alisema.

Akakitoa. Pembe ikajiviringa tena. Mama Mkubwa akachukua mkasi wake mzito, akauweka juu ya ile pembe, na picha ikapigwa.

Kidole alikuwa amefika mlangoni. "Naenda kuifuta sasa hivi," alisema. "Na pale ilipokuwa nitaandika kwamba ilitengenezwa. Wale thelathini na mmoja wajue. Bosi wangu naye atasoma, potelea mbali."

"Andika nani," Msomi alisema. Alikuwa amempa mgongo, anaitazama picha. "Andika na lini."

Kidole chake mwenyewe kikapita juu ya kioo.

"Hilo swali la tatu, liache wazi."